Ukisikia "douna", umefika Žemaitija

SWALI: Mtaalamu, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi Kaunas, Lithuania, mwaka wa pili. Kilithuania changu si haba, sokoni na hospitalini najieleza. Mwenzangu wa chumba amenialika kwao Telšiai kwa siku 3 za sikukuu ya Užgavėnės. Juzi alimpigia bibi yake simu mbele yangu, nami sikuambulia hata neno. Nilipomuuliza akajibu tu, "Sisi ni watu wa Žemaitija." Je, hilo ni kabila jingine? Wanasema lugha nyingine, au ni Kilithuania cha shamba? Na nikifika huko nitazame nini?

JIBU: Dada yangu, umeanzia mahali penyewe, sikioni. Wengi huanzia kwenye ramani, wakatafuta mpaka wasiuone, kwa kuwa Žemaitija haina serikali wala bunge lake. Ni eneo la kaskazini-magharibi mwa Lithuania, kutoka upande wa Šiauliai mpaka pwani ya Palanga. Zamani jina hilo lilifunika nchi kubwa zaidi, hadi mto Nevėžis unaomwaga maji yake karibu na Kaunas unakoishi. Leo mpaka wake unausikia midomoni mwa watu. Waandishi wa Kilatini waliiita Samogitia, nami nitasema Wasamogitia na Kisamogitia, maana ulimi wetu unalibeba jina hilo kwa wepesi.

Žemas ni "chini", kwa hiyo Žemaitija ni nchi ya chini, na jirani yake Aukštaitija ni nchi ya juu. Usidanganyike na majina. Utakapofika Telšiai utakuta mji umekaa juu ya vilima kando ya ziwa Mastis, na wenyeji watakuambia ni vilima saba. Kusini yake kuna kilima cha Medvėgalis chenye mita 234, na Šatrija chenye mita 228, ambako hadithi za kale zinasema wachawi hukutana usiku. Kwa nchi ambayo mahali pake pa juu kabisa hapafiki mita 300, hivyo si vilima vya kudharau. Maelezo ninayoyaamini ni kwamba "chini" hapa ni chini kwa kufuata maji, kule mto Nemunas unakoelekea bahari ya Baltiki.

Kabila jingine? Hapana. Ni Walithuania, na bibi yule ukimuuliza atakujibu hivyo bila kusita. Ila atakuambia pia kwamba yeye ni Msamogitia, na pengine atalitanguliza hilo. Kuelewa kwa nini, inabidi nikurudishe nyuma karibu miaka 800.

Karne ya 13 wapiganaji-watawa wa Kijerumani walikuja Baltiki na vita vya msalaba kutoka pande mbili. Wateutoni walikamata Prussia upande wa kusini-magharibi, na Walivonia wakakamata nchi ambayo leo ni Latvia upande wa kaskazini. Sasa tazama ramani: kati yao kuna kipande kimoja cha nchi kinachowazuia wasiungane. Kipande hicho ni Žemaitija. Kila kilichowapata Wasamogitia kwa miaka 200 iliyofuata kilitokana na kukaa mahali hapo.

Mwaka 1236, huko Saule, waliwavunja Walivonia, mkuu wao Volkwin akafa vitani, na waliosalia wakalazimika mwaka uliofuata kuingia chini ya Wateutoni. Mwaka 1260, tarehe 13 Julai, huko Durbe katika Latvia ya leo, wakawapiga Walivonia na Wateutoni waliokuja pamoja. Wapiganaji-watawa wapatao 150 waliuawa siku ile, na majeshi ya wapagani, kama walivyoitwa, hayakuwa yamewahi kuwapa pigo kama hilo. Na ujue kwamba walipigana huku mtawala wao mwenyewe, Mindaugas, aliyetawazwa mfalme wa Lithuania mwaka 1253, amekwisha kuwaandikia Wajerumani sehemu ya nchi yao kama zawadi ya urafiki.

Hilo ndilo jeraha lenyewe. Mindaugas alitoa. Vytautas naye, mtawala mkuu wa Lithuania wakati wake, katika mkataba wa Salynas wa mwaka 1398, aliwapa Wateutoni nchi yote ya Žemaitija ili apate nafasi ya kushughulikia mambo ya mashariki. Wasamogitia wakaasi mwaka 1401, wakarudishwa chini ya Wateutoni, wakaasi tena mwaka 1409. Uasi huo wa pili, ambao safari hii Vytautas aliuunga mkono, ndio ulioleta vita vikubwa vya Grunwald vya tarehe 15 Julai 1410, ambavyo Walithuania huviita Žalgiris. Kaunas jina hilo unalisikia kila wiki, kwa kuwa timu ya mpira wa kikapu na uwanja wake vimelichukua. Wakati mwingine watu wakilishangilia, kumbuka kwamba cheche ilitoka kwa wanavijiji wa Žemaitija waliochoka kutolewa zawadi. Mkataba wa Melno wa mwaka 1422 ndio uliofunga shauri, na mpaka uliochorwa hapo kati ya Lithuania na Prussia ulisimama karibu miaka 500.

Walikuwa pia wa mwisho Ulaya kuacha dini ya jadi kwa sheria ya nchi. Lithuania yote ilibatizwa mwaka 1387, lakini Žemaitija ilisubiri hadi 1413, Vytautas na binamu yake Jogaila, mfalme wa Poland, walipokwenda wenyewe, wakazima mioto mitakatifu na kukata miti ya kutambikia. Mwandishi wa Kipoland Jan Długosz ameacha kisa ninachokipenda. Padri mmoja alikuwa akihubiri kupitia mkalimani habari za kuumbwa kwa dunia. Mzee mmoja akasimama akamwambia mfalme: mtu huyu anasema uongo, maana hapa tuna wazee wa miaka 100 na zaidi, naye si mzee kama wao, na wao hawaikumbuki siku hiyo. Jogaila akamjibu kwamba padri hakusema alikuwepo. Naamini katika kisa hicho unamsikia bibi yule wa kwenye simu. Mtu wa kule hapokei neno kwa sababu limesemwa na mkubwa, analipima kwanza. Hata miaka michache baada ya ubatizo walituma wajumbe wao kwenye Mtaguso wa Constance, wakawashtaki Wateutoni mbele ya maaskofu wa Ulaya nzima kwamba walikuja kutafuta ardhi zaidi ya roho za watu. Jimbo lao la kanisa lilianzishwa mwaka 1417, makao yake Medininkai, mji ambao leo ni Varniai.

Sasa tuje kwenye simu.

Wewe umejifunza Kilithuania sanifu. Kilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 juu ya lahaja ya magharibi ya Aukštaitija, na sarufi ya Jonas Jablonskis ya mwaka 1901 ndiyo iliyokipa umbo. Ni kama sisi tulivyochaguliwa Kiunguja mwaka 1928, Kimvita na Kiamu vikabaki pembeni na mashairi yake yote. Kwa hiyo "Kilithuania cha shamba" ni neno nisilolikubali hata kidogo. Kisamogitia hakikuharibika kutoka kwenye sanifu, kwa kuwa sanifu yenyewe ni mdogo wake kwa umri. Vyote viwili vimetoka mbali, kila kimoja kwa njia yake, na Kisamogitia kimebeba ndani yake mabaki ya Kikuronia, lugha ya watu wa pwani iliyokwisha kufa.

Nikupe funguo chache, ukizishika utaanza kusikia maneno badala ya mvumo.

Ufunguo wa kwanza ni mikia ya maneno, kwa sababu Wasamogitia huikata. Salamu yako ya labas wao wanasema labs. Vyras, mwanamume, huwa vīrs. Mkazo nao husogea kuelekea mwanzo wa neno, na ndani ya silabi fulani sauti hukatika ghafla, kama mtu aliyemeza pumzi katikati. Mkato huo ndio uliokupoteza zaidi kwenye simu, na sikio huuzoea baada ya siku moja au mbili.

Pili, č ya sanifu mara nyingi kwao ni t, na dž ni d. Maksai ni jaučiai kwa sanifu, jautē kwao. Maneno ni žodžiai kwa sanifu, žuodē kwao. Mtu wa Mombasa hapa hana haja ya mwalimu. Kiunguja husema macho, Kimvita mato. Kiunguja kucheka, Kimvita kuteka. Ni jambo lile lile, na kwao kama kwetu anayesema t hakukosea kitu.

Halafu irabu. O ya sanifu hugeuka uo: koja, mguu, ni kuoja. An huwa on: ranka, mkono, ni ronka, langas, dirisha, ni longs. Ndiyo maana Palanga kwao ni Palonga. Telšiai yenyewe ni Telšē, na Žemaitija ni Žemaitėjė. Majina haya utayasikia kila kona.

Lakini neno la kusikiliza kuliko yote ni mkate. Kwa sanifu ni duona, ule mkate mweusi wa rai usiokosekana mezani. Wasamogitia wa kaskazini, Telšiai, Plungė na Kretinga, husema douna. Wa kusini, kuanzia Varniai mpaka Raseiniai, husema dūna. Na wale wa magharibi, upande wa Klaipėda, walikuwa wakisema dona. Hao wamebaki wachache mno, kwa kuwa Vita vya Pili vya Dunia viliwaondoa watu wengi wa upande ule. Wataalamu wa lahaja wameyachukua matamshi hayo matatu wakayafanya majina ya watu wenyewe: dounininkai, dūnininkai, donininkai. Hata maziwa yanafuata njia hiyo hiyo: pienas ya sanifu ni pėins kaskazini, pīns kusini, pēns magharibi. Mtu akikuomba mkate na maziwa umekwisha kujua alikolelewa. Sijui sayansi nyingine ya lugha inayopikwa jikoni namna hii.

Kuna na mambo ya sarufi ambayo kwenye sanifu hayapo au yamefifia. Bibi anaposema jambo alilokuwa akilifanya mara kwa mara ujanani, sanifu ingetia -davo ndani ya kitenzi. Yeye huweka neno dogo liuob mbele yake. Na akizungumza habari zake na za marehemu mumewe anaweza kusema vedu, "sisi wawili", kiwakilishi cha watu wawili tu, si zaidi. Nilipomsikia mama mmoja wa kule akilitumia kwa mara ya kwanza, akieleza jinsi yeye na mumewe walivyojenga nyumba yao, niliacha kuandika nikabaki kumsikiliza. Neno lile liliwaweka wote wawili chumbani.

Lugha au lahaja? Vitabu vingi vya Lithuania husema lahaja, tena iliyo mbali kuliko zote. Tangu mwaka 2010 orodha ya kimataifa ya lugha imeipa alama yake, sgs, na tangu 2006 kuna Wikipedia ya Kisamogitia. Mimi nasema hivi: kama mwanafunzi mwenye miaka 2 ya Kilithuania hakuambulia neno, lugha yoyote ingeona fahari kuwa mbali kiasi hicho. Ila usiende kwa bibi ukamwambia wataalamu wamesema nini, muulize yeye.

Na heshima ya lugha hii haikuanza jana. Simonas Daukantas, mtoto wa wakulima wa Žemaitija aliyezaliwa mwaka 1793, ndiye wa kwanza kuandika historia ya Lithuania kwa Kilithuania, nacho kilikuwa kimejaa Kisamogitia. Enzi hizo waungwana waliandika Kipoland. Msamogitia mwenzake, Dionizas Poška, alikata mwaloni mkubwa wa kale, akauchimba shina likawa chumba, akaweka ndani vitu vya kale na vitabu mwaka 1812. Shina hilo, Baublys, lipo mpaka leo Bijotai chini ya paa la kulikinga, na ndilo jumba la makumbusho la kwanza Lithuania. Kisha Urusi, iliyokuwa ikiitawala nchi, ikapiga marufuku vitabu vya Kilithuania kwa herufi za Kilatini, kuanzia 1864 hadi 1904. Askofu wa Žemaitija, Motiejus Valančius, mwana wa mkulima naye, akapanga vitabu vichapwe ng'ambo ya mpaka huko Prussia na viingizwe kwa siri. Waliovibeba waliitwa knygnešiai, wabeba-vitabu. Walipita msituni usiku na mizigo mgongoni, na aliyekamatwa aliweza kupelekwa Siberia. Mpaka ule wa Melno, uliochorwa kuwazuia Wateutoni, sasa ulikuwa njia ya kupitishia vitabu vya sala na vya kujifunzia kusoma.

Siku 3 si nyingi. Nakushauri usikimbie huku na huku. Siku ya kwanza baki Telšiai. Nenda kwenye jumba la makumbusho la Alka, lililofunguliwa mwaka 1932. Jina lake lina maana ya mahali pa kutambikia, pale watu wa kale walipotoa sadaka. Mjini utakutana na dubu kila mahali, maana dubu mweusi mwenye ukosi ndiye nembo ya Žemaitija. Tafuta pia jengo la yeshiva ya Telšiai, chuo cha dini cha Kiyahudi kilichokuwa na sifa dunia nzima na ambacho baada ya mwaka 1941 kiliendelea Cleveland, Marekani. Wayahudi waliita nchi hii Zamet na walikuwa sehemu kubwa ya miji yake. Nje kidogo ya mji kuna Rainiai. Juni 1941 Wasovieti waliwatesa na kuwaua pale wafungwa zaidi ya 70, na wiki chache baadaye, chini ya Wanazi, Wayahudi wa Telšiai waliuawa hapo hapo, wauaji wenyeji wakiwemo. Uende, usimame.

Nakuambia haya pia kwa sababu ya sikukuu yenyewe. Užgavėnės ni Jumanne ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Watu huvaa barakoa za kuchonga na makoti ya manyoya yaliyogeuzwa ndani nje: mashetani, mbuzi, kifo chenye fyekeo. Lašininis, mnene aliyeshiba mafuta ya nguruwe, hupigana na Kanapinis, mwembamba wa Kwaresima, na mwembamba hushinda kila mwaka. Kisha sanamu ya mwanamke wa majira ya baridi, Morė, huchomwa moto watu wakiifukuza baridi kwa kelele. Utakula chapati za maji mpaka ushindwe. Utaona pia barakoa za "wageni", Myahudi na Mroma (yaani Mjipsi), zenye pua zilizotiwa chumvi. Ni desturi ya zamani, na Walithuania wenyewe leo wanabishana kama iendelee. Ukiziona na moyo ukasita, hujakosea, na unaweza kumwuliza mwenzako waziwazi.

Siku ya pili nenda Plateliai, kwenye ziwa kubwa kuliko yote ya Žemaitija. Barakoa zimewekwa kwenye ghala la kale la bwanyenye, utazitazama kwa utulivu. Na ndani ya msitu wa karibu, Plokštinė, kuna mashimo 4 ya makombora ya nyuklia yaliyochimbwa kwa siri na jeshi la Kisovieti mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu 2012 ni makumbusho ya Vita Baridi. Unashuka ngazi, baridi inakuingia mifupani, unafika ukingoni mwa shimo lililoelekezwa Ulaya Magharibi. Kilomita chache kutoka hapo ni Žemaičių Kalvarija, mahali pa hija tangu karne ya 17, ambako kila Julai maelfu hupanda vilima wakiimba njia ya msalaba. Nyimbo hizo huitwa tu "Vilima", na katika vijiji vya Žemaitija huimbwa kwenye matanga. Mwenzako akikuambia "tulimwimbia babu Vilima", ujue amezungumzia mazishi.

Siku ya tatu chukua treni hadi Plungė, si mbali, uone kasri la familia ya Oginskis la mwaka 1879, ambamo leo kuna makumbusho ya sanaa ya Žemaitija. Mtunzi na mchoraji Čiurlionis alisoma muziki hapo alipokuwa kijana. Ndugu wa mwenye kasri, aliyekaa Rietavas, ndiye aliyevuta waya wa simu wa kwanza Lithuania mwaka 1882 na kuwasha umeme mwaka 1892. Palanga na kaharabu yake iache kwa kiangazi.

Jambo la mwisho ni la jikoni, nalo usilikose. Omba ufundishwe kastinys. Bakuli la udongo linawekwa juu ya maji ya moto kiasi, siagi kidogo inalainishwa humo, kisha malai chachu inaongezwa kijiko kimoja kimoja huku mwiko wa mti ukizunguka bila kusimama. Maji yakizidi moto inayeyuka na kutengana. Yakipoa inaganda mapema. Mama niliyekutajia alikuwa akilishusha na kulipandisha bakuli bila kulitazama, akisikiliza sauti ya mwiko. Ikishakuwa nzito na nyeupe hutiwa chumvi, kitunguu saumu na kisibiti, ikapakwa juu ya viazi vya moto. Asante kwao ni diekou. Liseme hilo, hata kama mengine yote umeyasahau.

Na ukiwa mezani, uliza kwa adabu yale majina mawili, mkate na maziwa, uyaandike kama yalivyotoka mdomoni mwa bibi. Kama ni douna na pėins, amezaliwa huko huko Telšiai au kaskazini yake. Kama ni dūna na pīns, basi ameolewa kutoka kusini, pande za Varniai, na hakuibadili lugha ya mama yake kwa miaka yote hiyo. Niandikie alivyotamka.